Majani yamepukutika, ndege wameondoka: je, niiweke kamera kabatini?

*"Mwalimu, shikamoo. Nilianza kuangalia ndege mwezi wa Mei mwaka huu, nikanunua kamera iliyokwisha kutumika pamoja na lenzi ya milimita 300. Kiangazi chote sikukosa cha kupiga. Sasa tuko katikati ya Novemba huku kaskazini na mambo yamegeuka. Miti imebaki mifupa, anga ni la kijivu wiki nzima, jua linazama saa kumi jioni, na ndege niliowazoea hawapo. Jumamosi iliyopita nilizunguka bwawa muda wa saa tatu nikarudi na bata tu. Picha zenyewe, nyingine zimetikisika, nyingine ndege ni doa jeusi kwenye anga jeupe. Nasoma watu wakiusifu uzuri wa msimu huu lakini mimi siuoni. Siku hizi hata kutoka nje nimekuwa mzito. Je, tatizo ni lenzi yangu? Au niiweke kamera kabatini hadi Aprili, ndege watakaporudi?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza la lenzi na la kabati, lakini ndani ya barua yako nasikia mengine matatu: la ndege, la mwanga na la moyo wako. Nitayagusa yote, na la moyo nitalimalizia kwa utulivu, maana lina uzito wake.

Jibu fupi ni hili: kamera isiingie kabatini, na lenzi yako haina kosa kubwa. Kinachokukwamisha ni kwamba unaitafuta Mei ndani ya Novemba. Mwezi wa Mei uzuri ulikuwa unakufuata wenyewe, kwa rangi, nyimbo na makinda. Sasa umehamia kwenye maumbo, kwenye mwelekeo wa mwanga, na zaidi ya yote kwenye tabia za ndege. Mambo hayo huwa magumu kuyaona mpaka ujue ni nini kinaendelea huko nje. Hukutaja uko nchi gani, kwa hiyo mifano yangu itachanganya Ulaya na Amerika Kaskazini.

Tuanze na hilo la ndege kuondoka, maana ni kweli nusu. Walioondoka ni wale ambao chakula chao kimekwisha. Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka. Baridi ikiingia wadudu hao hutoweka, na mbayuwayu wa Ulaya wakati huu wako Afrika. Tena hawakusubiri njaa iwafukuze. Mchana unapofupika, mwili wa ndege huyo hupata habari: homoni hubadilika, anakula kupita kiasi, anaweka akiba ya mafuta chini ya ngozi, kisha anaondoka wakati chakula bado kipo. Ndiyo maana tarehe zao za kuondoka hukaribiana mwaka hadi mwaka hata kama joto limechelewa kuisha.

Kuna kundi la pili ambalo wanaoanza huwa hawalihesabu. Kwa ndege aliyezaliwa Aktiki, hapo ulipo wewe ndiyo kusini. Amekimbia baridi kali kuliko yako na giza zito kuliko lako, na bwawa ambalo maji yake hayajaganda kwake ni neema. Bata bukini hushuka kwa maelfu msimu huu, pande zote mbili za Atlantiki. Upande wa Ulaya kuna ndege mmoja mdogo mno, mwenye utepe wa njano utosini na uzito wa gramu 5 au 6, ambaye baadhi yao huvuka Bahari ya Kaskazini kutoka Skandinavia wakati huuhuu wa majani kupukutika. Huenda mmoja wao yuko kwenye msonobari ulioupita Jumamosi. Hakuna aliyekwambia umtazame, naye hajitangazi. Anapekua ncha za matawi akitafuta wadudu na mayai yao, na sauti yake ni nyembamba kiasi kwamba baadhi ya watu wazima hawaisikii kabisa.

Kundi la tatu ni wenyeji waliobaki, na hawa wamebadilisha maisha. Mwezi wa Mei kila jozi ilikuwa na eneo lake, ikiimba na kupigana na majirani. Sasa ndege wadogo wa msituni wameungana, spishi nne, tano au zaidi kwenye kundi moja, na wanatembea pamoja kutwa nzima. Sababu ni mbili. Macho mengi humwona kipanga mapema kuliko macho mawili, na mmoja akigundua chakula wengine wanajua. Kwako wewe matokeo yake ni haya: sehemu kubwa ya msitu iko tupu kweli, na sehemu ndogo imejaa ndege. Ukitembea bila kukutana na kundi utaapa hakuna kitu. Ukikutana nalo, mti mzima unatikisika.

Naamini hapo ndipo Jumamosi yako ilipopotelea. Ulitembea saa tatu, na kutembea sana ni adui wa msimu huu. Afadhali usimame. Chagua ukingo wa msitu unaopigwa na jua la asubuhi, mahali penye upepo mdogo, na usikilize vilio vyembamba vya kuitana. Vikianza kusikika, usivikimbilie. Tazama kundi linaelekea wapi, tangulia hatua thelathini au arobaini kwa kuzunguka mbali, kisha tulia na mgongo ukiegemea shina. Litakufikia, na kwa dakika chache ndege watakuwa juu yako, pembeni yako, wengine karibu kuliko lenzi inavyoweza kulenga. Kwa kuwa majani hayapo, utaona mwili mzima: namna mguu unavyoshika gome, namna mdogo mmoja anavyoning'inia kichwa chini kuchokonoa ufa wa tawi. Mwezi wa Mei ungepata mkia na nusu ya bawa nyuma ya majani.

Na kama uko Ulaya, usikie wimbo mmoja usiokoma: wa robini, yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Msimu huu dume na jike kila mmoja analinda eneo lake la kulia, na wote wawili huimba. Hukaa chini, usawa wa macho yako, kwenye kichaka kilicho wazi. Kwa mpiga picha anayejifunza sijui mwalimu mwema kuliko yeye.

Kuhusu bata, hapo nakupinga kwa moyo wote. Umerudi na bata ukaona umerudi mikono mitupu, kumbe ulikuwa mbele ya tamasha kubwa kuliko yote ya mwezi huu. Madume ya spishi nyingi za bata hupoteza manyoya yao mazuri katikati ya kiangazi. Manyoya ya kurukia hutoka yote kwa pamoja, kwa hiyo kwa wiki kadhaa hawawezi hata kuruka, na mwili wao unabaki wa kahawia kama wa majike. Waliokuwa bwawani kwako Julai walikuwa hivyo, wamechakaa. Kufika Novemba wamemaliza kubadilisha, kila unyoya ni mpya, na wameanza kuposa. Ndiyo, bata wengi huchumbiana sasa, katika miezi ya baridi, na wakifika majira ya kuchipua jozi nyingi zimeshapatana.

Nenda asubuhi ukamtazame yule bata wa kawaida kabisa, dume mwenye kichwa cha kijani na kola nyeupe. Tafuta mahali ambapo madume kadhaa yamekusanyika karibu na jike mmoja, yanaelea kimya, shingo zimerudishwa ndani, manyoya ya kichwa yamesimama. Huwa yanatikisa mikia na vichwa kidogokidogo. Mtu anayepita ataona bata waliopumzika. Wewe weka jicho kwenye kamera. Ghafla mmoja anachovya ncha ya mdomo majini, kifua kinainuka, mgongo unajikunja, na mdomo unarusha mstari wa matone upande wa jike, mluzi mfupi ukifuatiwa na mgumio. Limeisha kabla hujapumua. Mtafiti wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz, aliichambua mitindo ya posa ya bata mwaka 1941, na alionyesha kuwa mwendo huu una umbo lilelile kila unaporudiwa. Maana yake kwako ni kwamba unaweza kuusubiri. Ukimwona mmoja amefanya, wenzake mara nyingi hufanya karibu papo hapo. Weka kamera kwenye kupiga picha mfululizo, kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) sekunde 1/1000 au fupi zaidi, na utapata yale matone yakiwa hewani.

Tena uangalie kichwa chenyewe. Kijani kile si rangi iliyomo ndani ya unyoya kama ilivyo kahawia ya jike. Kinatokana na muundo mdogo sana wa unyoya unaorudisha mwanga, kwa hiyo kichwa kilekile huwa cheusi, cha zambarau au cha kijani kinachowaka kutegemea pembe yako na mwanga. Subiri ageuze shingo, na mwanga uwe nyuma yako. Tofauti kati ya picha unayoifuta na picha unayoitunza inaweza kuwa nyuzi chache tu za kugeuka huko.

Sasa mwanga, ambao naona ndio uliokuumiza zaidi. Unaamini anga la kijivu ni mwanga mbaya. Ni mwanga mchache, ndiyo, lakini si mbaya. Mawingu yakitanda, nuru inamfikia ndege kutoka kila upande wa anga, vivuli vikali hupotea, na manyoya huonyesha kila mstari wake. Jua kali la mchana wa kiangazi lilikuwa linakuunguzia weupe na kuzamisha weusi, ila rangi nyingi zilikufanya usione.

Na siku jua linapotoka, linatoka kwa namna ambayo kiangazi hakiijui. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, jua la adhuhuri mwishoni mwa Juni hupanda hadi nyuzi 63 juu ya upeo. Katikati ya Novemba linafika nyuzi 21 au 22 tu. Likiwa chini hivyo, miale yake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, sehemu ya buluu hutawanyika njiani, na kinachokufikia kina joto la dhahabu. Nuru inayokuja ubavuni badala ya utosini inachonga kila kitu: gome, mchanga, ubawa. Mwezi wa Juni ungelazimika kuamka alfajiri kuipata nuru hiyo na ungekuwa nayo kwa muda mfupi. Sasa unaipata hata saa sita mchana. Kamera nyingi, zikiachiwa kuchagua rangi ya mwanga zenyewe, huufuta huo udhahabu kwa kudhani ni kasoro. Chagua mwenyewe mpangilio wenye alama ya jua au ya mawingu, na kama kamera yako inahifadhi faili ghafi (RAW), hifadhi hivyo ili uweze kurekebisha baadaye.

Kuhusu ndege kuwa doa jeusi, chanzo chake ni kipimo cha mwanga ndani ya kamera. Kipimo hicho hakijui kama kinatazama ndege au anga. Kinadhani kila kitu duniani, kwa wastani, kina mwangaza wa kijivu cha kati. Ukielekeza juu, anga jeupe linajaza fremu, kamera inashtuka na kupunguza mwanga mpaka anga liwe kijivu, na ndege aliyekuwa wa kahawia anakuwa mweusi. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze +1, na ndege akiwa ndani ya anga tupu fika hata +2. Jalidi na ukungu navyo vinahitaji kuongezewa, la sivyo vinatoka vichafu. Kinyume chake, ndege mweupe kwenye maji meusi anahitaji kupunguziwa, kwani kamera itamwangaza mpaka manyoya yapotee.

Lakini dawa bora ya anga jeupe ni kuliondoa kwenye picha. Shuka chini au panda ukingo mpaka ndege awe usawa wako, na nyuma yake pawe na matete, kilima au miti iliyo mbali. Mandharinyuma yakiwa mita nyingi nyuma ya ndege huyeyuka na kuwa rangi laini ya kutu, ya asali, ya zambarau hafifu. Pale bwawani, piga magoti, au lala kabisa ukivaa nguo zisizoingiza maji, lenzi ikiwa karibu na uso wa maji. Badiliko hili moja litakupa zaidi ya lenzi yoyote mpya.

Kutikisika kuna vyanzo viwili, na watu huvichanganya. Mkono wako hutetemeka, na ndege husogea. Kidhibiti mtikisiko kilichomo kwenye lenzi kinasaidia la kwanza tu. Kwa ndege aliyetua shika 1/500, kwa anayeruka 1/1600 au 1/2000, na upenyo wa lenzi uwe wazi kabisa. Ili mwanga utoshe, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, hadi 3200, hata 6400, bila woga. Chembechembe zitakazotokea zinaweza kupunguzwa kwa programu baadaye. Picha iliyotikisika haina dawa.

Sasa la lenzi. Kama kamera yako ni ya kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), kama zilivyo nyingi za kuanzia, milimita 300 inakupa mtazamo unaokaribia 450. Si haba. Lenzi ya 600 itakuletea ndege karibu, lakini pia ni nzito, inakuza na mtetemo wa mikono, na zile za bei ya wastani huingiza mwanga mchache zaidi, jambo ambalo Novemba haikusamehe. Hewa yenye unyevu kati yako na ndege wa mbali nayo hukuzwa pamoja naye. Ushauri wangu: siku ambayo picha zako zitakuwa kali na zimewekwa mwanga vizuri, na kasoro pekee ikabaki kwamba ndege ni mdogo, ndiyo siku ya kufikiria lenzi ndefu. Hata hapo, azima au kodi kwanza kwa siku mbili.

Fedha ikiwepo sasa, ningeitia kwenye darubini ya macho mawili. Tazama namba zilizoandikwa juu yake. 8x42 maana yake inakuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Gawanya 42 kwa 8, unapata mwale wa mwanga wa milimita 5 na kitu unaoingia jichoni. Darubini ndogo ya 10x25 inakupa milimita 2.5 tu. Mchana wa jua hutaona tofauti kubwa. Jioni ya Novemba, mboni yako ikiwa imefunguka, ile ndogo inakunyima nuru. Na kuona ndio kazi yenyewe. Ninafahamu wapiga picha wenye vifaa vizito ambao hawajawahi kumtazama ndege mmoja kwa dakika kumi mfululizo.

Usimpe pia ndege mzigo wa kujaza fremu kila mara. Korongo mdogo ndani ya ukungu mkubwa, peke yake, huenda akawa picha yako bora ya mwaka, na simu inatosha kuipiga. Ukungu wenyewe hautegemei bahati. Usiku wenye anga safi na hewa tulivu, baada ya siku yenye unyevu, ardhi hupoteza joto lake kwenda juu, hewa iliyoigusa inapoa, na mvuke unageuka vitone, hasa mabondeni na juu ya maji. Kwa hiyo jioni ukiona nyota na upepo umelala, tega saa. Baridi ikishuka chini ya sifuri, mvuke hujijenga kuwa jalidi moja kwa moja kwenye kingo za majani. Piga jua likiwa mbele yako, nyuma ya jani. Wahi, kwa maana jua likishapanda kidogo vyote viwili huondoka.

Tembea pia siku ya mvua ikikatika. Magome huwa meusi, na kuvumwani na mimea midogo iliyotanda juu yake, ambayo ikikauka ni ya vumbi, hunywa maji na kuwa kijani kikali. Inama kwenye tawi lolote ulilolidhania limekufa. Mti wenyewe ndio uliojitenga na jani, kwa kujenga tabaka la seli pale kikonyo kinaposhikana na tawi, upepo ukamalizia. Juu kidogo ya kovu hilo utakuta chipukizi la mwaka ujao limefungwa tayari, limekuwapo tangu kiangazi. Tone la maji likining'inia hapo, una picha.

Jioni moja itoe kwa kwezi, wale ndege weusi wenye madoa ambao katika sehemu nyingi za Ulaya hukusanyika kuanzia Novemba. Kabla ya kulala huruka pamoja, maelfu kwa maelfu, kundi likibana na kutanuka juu ya matete. Watafiti waliowapiga picha mjini Roma walionyesha mwaka 2008 kuwa kila ndege hufuata mienendo ya majirani wake sita au saba tu walio karibu zaidi, na kutokana na hao sita au saba kundi zima linageuka kwa pamoja. Fika nusu saa kabla ya jua kuzama, tumia lenzi pana, na uache upande mmoja wa fremu ukiwa mtupu ili kundi lipate pa kuingia.

Mambo mawili ya vifaa, haraka. Betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba iwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Na ukirudi nyumbani, ifunge kamera ndani ya begi au mfuko kabla ya kuingia kwenye joto, uiache humo saa moja au mbili. Ukiifungua mara moja, mvuke wa chumbani utagandamana kuwa maji juu ya vioo na hata ndani.

Hili lifuatalo nakuomba ulishike kwa uzito. Ndege mdogo ana joto la mwili la nyuzi 40 na zaidi, na usiku mmoja wa baridi unaweza kumla hadi sehemu ya kumi ya uzito wake. Mchana una urefu wa saa nane au tisa tu za kuufidia. Kila unapomrusha, unachukua sehemu ya chakula cha usiku wake. Akiacha kula, akinyoosha shingo na kukutazama, umeshakaribia mno; rudi nyuma polepole. Usimchezee sauti zilizorekodiwa ili aje. Bundi aliyelala kwenye mti usio na majani hana pa kujificha tena, kwa hiyo mpige kwa mbali, bila taa, na mahali alipo usipatangaze. Ukikuta ndege wa majini amekufa au anayumba, usimguse, kwani homa ya mafua ya ndege husambaa kwao. Wapigie wahusika wa wanyamapori wa eneo lako. Aliyevunjika bawa naye ni wa kituo cha uokoaji, si wa boksi jikoni.

Kuna vitu barua haifundishi. Sauti zile nyembamba, kwa mfano, utazijua kwa wiki chache ukitembea na mtu anayezijua, na utahangaika nazo miaka ukiwa peke yako. Tafuta kikundi cha waangalizi wa ndege karibu nawe. Msimu huu ndio wengi hufanya matembezi, na mgeni mwenye maswali hupokelewa vizuri. Ukiwa na kamera inayotoa picha zisizo kali hata ndege akiwa ametulia, mwanga upo na kasi ni kubwa, mpelekee fundi aipime: lenzi iliyotumika inaweza kuwa inalenga mbele au nyuma ya jicho.

Nimefika kwenye neno lako la mwisho, kwamba kutoka nje kumekuwa kuzito. Kuna uvivu wa kawaida wa siku fupi, na huo hupungua mtu akipata nuru ya mchana. Hata chini ya mawingu, nje kuna mwanga mwingi kuliko chumba chenye taa zote. Toka saa za katikati ya mchana, hata nusu saa, hata bila kamera. Lakini kuna pia mfadhaiko wa msimu, hali ya kiafya ambayo daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984: huzuni inayokuja na giza la miezi hii, usingizi mwingi usiopumzisha, hamu ya wanga, na kupoteza ladha ya mambo uliyoyapenda. Una haki ya kuniambia huoni uzuri kwa sababu hujajua pa kuangalia, na hilo nimejaribu kulijibu. Ila kama hata vitu vingine vimepoteza ladha, kwa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, basi usilipeleke jambo hili kwa ndege. Lipeleke kwa daktari, maana lina matibabu yanayofanya kazi. Na yakikujia mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri miadi. Mwambie mtu leo, upige simu ya dharura. Ukimwona daktari, mweleze hali ilianza mwezi gani na kama mwaka jana ilikupata wakati huuhuu, kwa sababu kujirudia huko ndiko kutakakomsaidia kujua anatibu nini.